Kalsiamu peke yake haijengi mfupa, protini ndio zinatoa amri

Huku kwenye kitengo cha mifupa swali tunaloulizwa sana ni hili, mtu kavunjika mguu kafungwa hogo, ndugu zake wanauliza tumnunulie vidonge gani vya kalsiamu, au tumchemshie supu ya makongoro? Kalsiamu inahitajika sikatai, ila zinazoamua mfupa mpya uote wapi na uishie wapi ni protini zilizomo ndani ya mfupa wenyewe.

Chukua mfupa wa paja la kuku uuloweke kwenye siki siku kadhaa, ukiutoa unapinda kama mpira manake asidi imeondoa madini, kilichobaki ni protini na sehemu kubwa ni kolajeni. Sasa mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Marekani anaitwa Marshall Urist alitoa ripoti, alitumia mfupa uliotolewa madini kwa asidi, hauna hata seli moja iliyo hai, akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama kama sungura na panya. Kwenye misuli jamani, sio kwenye mfupa! Baada ya wiki kadhaa pakaota mfupa mpya palepale, tena wenye uboho. Kila nikifundisha hii bado inanishangaza. Kumbe katikati ya ile kolajeni kuna protini nyingine kidogo sana, baadaye zikaitwa BMP, yaani protini zinazoumba mfupa, zikizigusa seli changa zilizo jirani zinazigeuza, zinakuwa gegedu kwanza, ile nyama ngumu inayopinda kama ya sikioni, alafu mfupa.

Na sio mpaka uvunjike. Mifupa yetu inabomolewa na kujengwa muda wote, kuna seli kazi yake ni kula mfupa wa zamani na zikiula zinaachia TGF-beta, protini iliyofungiwa humo tangu mfupa ule unajengwa, hiyo inaita seli za ujenzi zije hapohapo palipochimbwa.

Breki nayo ipo. Seli zilizokaa ndani kabisa ya mfupa zinatoa sklerostini, protini inayozuia ujenzi, na mfupa ukibeba uzito, yaani ukitembea ukipanda ngazi, inapungua. Afrika Kusini kuna familia za Makaburu zimerithi hitilafu ya kukosa hii protini, mifupa yao ni minene na migumu kuvunjika, mtu anaweza kuona ni bahati lakini fuvu nalo linanenepa linabana neva, wengine uso unapooza na wanapoteza usikivu.

Kwahiyo hizi protini zinataka kipimo. BMP-2 ya kutengenezwa maabara iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo wa chini, inalowekwa kwenye sponji ya kolajeni inawekwa palepale, ila madaktari walipoipeleka shingoni wagonjwa wengine walivimba koo mpaka kupumua ikawa shida, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ikatoa onyo.