Je, wajua kwa nini sauti ya mwalimu hukauka kabla ya Ijumaa?

Ifikapo Alhamisi mchana, katika shule nyingi za Mombasa hakosekani mwalimu anayeitikia salamu kwa kichwa tu kwa sababu sauti imemkauka. Wenzake humletea chai ya tangawizi au kijiko cha asali yenye ndimu, naye hupumzika Jumamosi na Jumapili, sauti ikarudi, kisha wiki inayofuata yakawa yale yale.

Sauti hutokea kwenye zoloto, juu ya bomba la pumzi, mahali penye mikunjo miwili ya nyama laini iitwayo nyuzi za sauti. Mtu anapozungumza, hewa itokayo mapafuni huifanya mikunjo hiyo igongane takriban mara 120 kwa sekunde kwa mwanamume, na takriban mara 200 kwa mwanamke. Mwalimu wa kike ambaye sauti yake, ukijumlisha vipindi vyote vya siku, imetoka kwa saa moja tu, nyuzi zake zimekwisha kugongana mara 720,000. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya walimu wa kike wasumbuke zaidi kwa maradhi haya.

Kugongana peke yake si dhara; dhara huja kwa nguvu ya kugongana. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupaza sauti bila ya kujijua. Sasa lifikirie darasa la kisiwani mwezi wa Januari, muhula wa kwanza unapoanza na joto la kaskazi limeshika: madirisha wazi, feni inanguruma, tuktuk na matatu zinapiga honi barabarani, na darasa la jirani linaimba jedwali la kuzidisha. Mwalimu huona anazungumza kama kawaida, kumbe anapiga kelele kutwa. Nyuzi huvimba, zikivimba hazifungi sawasawa, hewa hupenya kati yake na sauti ikawa na mkwaruzo, naye kwa kutaka asikike huongeza nguvu zaidi. Wengi hutoka hapo wakaenda madrasa kusomesha tena hadi magharibi, kwa hivyo uvimbe wa asubuhi haupati nafasi ya kutulia.

Je, tangawizi haisaidii? Hutuliza koo, na sina neno nayo, lakini haizigusi nyuzi za sauti hata kidogo, kwani chakula na kinywaji hupita njia nyingine, na tone likikosea njia likaelekea huko ndiyo mtu hupaliwa. Maji huzifikia kwa kuzunguka mwilini kwanza, na kwa hiyo hayana budi kunywewa kidogo kidogo tangu asubuhi, hasa katika mji ambao mtu hutokwa na jasho akiwa ameketi. Kujifukiza kwa mvuke wa maji matupu hulainisha nyuzi zenyewe, bora mtu ajihadhari asiungue. Kujikohoza ili kusafisha koo huzigonganisha kwa kishindo. Kumeza mate au kupiga funda la maji ni salama zaidi. Kunong'ona nako, ambako wengi hudhani ni mapumziko, mara nyingi hukaza misuli ya koo. Ni afadhali kunyamaza.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, imo katika kupunguza haja ya kupaza sauti: kupiga makofi au kengele ili darasa linyamaze, kumsogelea mwanafunzi badala ya kumwita kutoka ubaoni, kutozungumza huku umeligeuzia darasa mgongo, na wakuu wa shule kuwapa madarasa makubwa vyumba vilivyo mbali na barabara.

Sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, aonwe daktari wa masikio, pua na koo, ambaye hupitisha kamera nyembamba puani akaziangalia nyuzi zikifanya kazi. Vikionekana vinundu vilivyotokana na kupaza sauti, mara nyingi tiba ya kwanza huwa ni mafunzo ya kutumia sauti, wala si kisu.