Uyoga "uliothibitishwa" kuua virusi: maana ya ushahidi wa tiba

Ukisubiri kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, si ajabu kumsikia mchuuzi akinadi vipakiti vya kahawa iliyochanganywa na unga wa uyoga wa ganoderma, akieleza kwamba "umethibitishwa" kuua virusi. Ganoderma ni uyoga mgumu kama ubao, huota kwenye mashina ya miti, na mgongo wake mwekundu wa kahawia hung'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Wachina huuita lingzhi na wameutumia katika tiba yao ya jadi kwa karne nyingi. Neno linalohitaji ufafanuzi ni hilo la "umethibitishwa".

Mchuuzi hatungi uongo mtupu. Mwaka 1998 watafiti walichapisha matokeo kwamba viambata kadhaa vya ganoderma huzuia kimeng'enya ambacho virusi vya UKIMWI hukihitaji ili vikomae, na wengine wameonesha maji ya uyoga huo yakizuia virusi vya hapesi, yaani malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri, katika seli za figo ya tumbili zilizooteshwa maabara. Matokeo ya namna hii huonesha kwamba jambo linawezekana, basi. Seli za maabara hulowekwa moja kwa moja katika dawa, ilhali kinachonywewa na mgonjwa hupita kwanza tumboni, utumboni na kwenye ini, na kinachofika katika damu huweza kuwa kidogo mno. Hata sabuni huangamiza virusi maabara, na hakuna anayeinywa.

Ushahidi wa tiba hupatikana kwa kuwalinganisha watu waliopewa dawa na wenzao waliopewa plasibo, yaani kitu kinachofanana nayo kwa sura lakini kisicho na dawa ndani, huku kura ikiamua nani apate kipi. Ulinganisho huo haukwepeki, kwa kuwa mafua hupona yenyewe, na hata maambukizi mengi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, huondolewa na mwili bila dawa yoyote.

Kanda ya Ziwa ina mfano wake. Kwa kuwa hapesi huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU, ilitarajiwa kwamba asaiklovia, dawa ambayo uwezo wake dhidi ya hapesi hauna shaka, ingewakinga wanawake wenye hapesi dhidi ya VVU. Wanawake 821 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2008: walioambukizwa VVU walikuwa 27 upande wa dawa na 28 upande wa plasibo.

Kwa upande wa uyoga, jaribio la kuvutia zaidi ni la Marekani, la mwaka 2022, lililotumia dondoo la uyoga wa shiitake kwa wanawake ambao HPV ilikuwa imewaganda: 14 kati ya 22 waliotumia dondoo walisafika, dhidi ya 2 kati ya 19 waliopewa plasibo. Ni tofauti kubwa, lakini watu 41 ni wachache, na shiitake si ganoderma. Jaribio kubwa la aina hiyo lililoonesha kwamba ganoderma inaponya ugonjwa wa virusi halipo, na mwenye VVU anayeacha ARV kwa ajili yake huviachia virusi vizaliane upya. Mara nyingi pakiti yenyewe huwa na maneno, kwa herufi ndogo upande wa nyuma, kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Mchuuzi huishika ikiwa imetazama mbele.