Kosa la pili la ulevi barabarani: ya vijiweni Mbeya na ya mahakamani

Ukikaa na madereva kijiweni Mafiati au Kabwe, utasikia sheria ikifafanuliwa kwa uhakika ambao hata wakili hana. Mengi yanayosemwa yanahusu kukamatwa mara ya kwanza. Kukamatwa mara ya pili ukiendesha umelewa ndiko kunakopotoshwa zaidi, na ndiko kunakomtoa dereva barabarani.

"Ni elfu thelathini tu, unalipa unaondoka."

Elfu 30 ni ya notifikesheni, ile unayoandikiwa kwa mwendokasi au kutofunga mkanda. Kesi ya ulevi ni ya mahakamani, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na hakimu ana mamlaka juu ya mfuko wako, uhuru wako na leseni yako kwa pamoja.

Hapo ndipo kosa la pili linapoachana na la kwanza. Hakimu akishakutia hatiani, kabla ya kutamka adhabu humuuliza mwendesha mashitaka kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Mara ya kwanza jibu ni "hatuna, mheshimiwa," kisha mshitakiwa anasimama kuomba apunguziwe: hili ni kosa langu la kwanza, nina watoto, mama yangu mgonjwa. Katika hayo yote, lenye uzito ni lile la mwanzo. Mara ya pili kumbukumbu inasomwa mbele yako na neno lile huna tena. Watoto na mama bado wapo, ila hakimu sasa anajiuliza kama faini iliyopita ilikufundisha chochote, na jibu liko kizimbani linamtazama.

"Bila kipimo hawana kesi."

Sheria ina njia mbili. Moja ni ya kiwango: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, na sifuri kwa dereva wa biashara. Nyingine haihitaji namba: inatosha kuthibitisha kwamba ulikuwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Askari aliyekuona ukiyumba Mlima Nyoka ni shahidi, na abiria wako pia. Kukataa kupuliza bila sababu ya msingi hakukuokoi, ni kosa jingine.

"Nililala, asubuhi niko fiti."

Hii ndiyo inayowanasa madereva wazoefu wa mabasi ya alfajiri, tena watu wenye akili zao. Tupige hesabu. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Kwa mwanaume wa kilo 70, kila chupa inapandisha damu kwa takriban miligramu 40 katika kila mililita 100. Mwili nao unapunguza takriban 15 kwa saa, na hauharakishwi na supu ya utumbo, kahawa, wala kuoga maji ya baridi ya Uyole. Aliyemaliza chupa nne saa sita usiku anaanza na kama 160, au pungufu kidogo akiwa amezinywa taratibu. Saa kumi na mbili asubuhi, abiria wakiwa wameshakaa, bado ana kama 70. Kwa gari lake binafsi angepita kwa tundu la sindano. Kwa basi ameshafeli, na mbele yake kuna mlima Kitonga wa kuteremka.

Ulanzi una mtego wake. Wapo Iringa na Njombe wanaoapa kwamba ule ni utomvu wa mianzi tu, si pombe. Mtogwa, yaani ulanzi mbichi, wa asubuhi ni mtamu na mwepesi kweli, lakini unaendelea kuchacha saa baada ya saa, na ukishakuwa mkangafu ni pombe kamili isiyo na lebo ya kukuambia asilimia. Komoni, pombe ya kienyeji ya nafaka, nayo ni hivyohivyo. Kipima ulevi hakiulizi ulikunywa nini wala ulinunua kwa nani.

"Wakinifutia leseni hapa, nachukua nyingine Iringa."

Leseni imeunganishwa na TIN (namba ya mlipakodi), picha na alama za vidole vyako. Anayezuiwa na mahakama ni mtu mwenyewe, popote atakapoombea nchini, na kuomba leseni wakati umezuiwa ni kosa. Vivyo hivyo anayesema atashika bodaboda mpaka muda uishe: pikipiki ni chombo cha moto na inahitaji leseni hiyohiyo aliyonyimwa. Kwa wa malori, kuvuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia hakusaidii. Leseni iliyofutwa nyumbani haifufuki Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Kuhusu bima nitasema kidogo. Sera nyingi za bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, hazilipi gari lililoharibika dereva akiwa amelewa au hana leseni halali, kwa hiyo anayemwazima gari ndugu aliyezuiwa anaweka rehani gari lake.

"Muda ukiisha inarudi yenyewe."

Inategemea umefanyiwa nini. Leseni iliyosimamishwa kwa muda ni jambo moja. Aliyefutiwa hana cha kurudishiwa: zuio likiisha anaomba upya, na kuomba upya kunapitia kwa polisi kupimwa udereva kabla ya TRA, mamlaka ya mapato, kutoa kadi. Kwa dereva wa basi ongeza uthibitisho wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na ongeza tajiri mwenye basi ambaye siku nyingi ameshampa mwingine usukani.

"Hakimu akishasema, basi."

Rufaa ipo, na adhabu pekee inaweza kukatiwa. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu linatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo. Ukizipitisha siku hizo, itabidi kwanza uombe ruhusa ya kuchelewa, ueleze sababu ya msingi.