Je, Wajua Kwa Nini Neno Moja Baya Huzifuta Sifa Kumi?

Umesimama mbele za watu, umesema uliyopewa kusema, umeketi. Watu kumi wamekupa mkono: umefanya vizuri, Mungu akubariki. Wa kumi na moja, wala hana ubaya wowote, amesema, "Ila sauti ilikuwa inatetemeka kidogo." Usiku umefika, taa zimezimwa. Ni nani anayekuja kuketi ukingoni mwa kitanda chako? Si wale kumi. Ni huyo wa sauti, na safari hii ameandamana na jamaa zake: kweli mimi siwezi, kweli wananivumilia tu, kweli sikustahili hata kusimama pale.

Ingekuwa kura, ungeshinda kwa kishindo. Kwa nini basi moja limewashinda kumi?

Sehemu ya kwanza ya jibu haihusu uchache wa imani yako. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa juu ya hisia, kumbukumbu, kujifunza na mahusiano ya karibu, wakafikia hitimisho fupi: baya lina nguvu kuliko jema. Lawama huchambuliwa kwa undani kuliko sifa, na hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba hiyo ni silaha ya kulinda uhai. Asiyeliona tunda zuri amekosa mlo mmoja. Asiyemwona nyoka hapati nafasi ya pili. Kwa hiyo akili zetu zina mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi hata akipita paka.

Nalisema hili mapema kwa sababu waumini wengi hujipiga mara mbili: mara ya kwanza kwa wazo lenyewe, mara ya pili kwa kuwa nalo. Filimbi ya mlinzi si dhambi. Swali ni nani anayeamka kuisikiliza, na anaifanyia nini.

Waliojiona panzi

Kitabu cha Hesabu, sura ya 13, kina kisa ambacho kwangu kinaeleza hali ya kujiona duni kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Musa anatuma wapelelezi 12 katika nchi ya Kanaani. Wanazunguka siku 40, wanarudi na kichala cha zabibu kizito hata watu wawili wamekichukua kwa mti mabegani. Wanaanza taarifa yao vizuri: nchi ni njema, imejaa maziwa na asali, matunda yake haya hapa. Kisha linaingia neno moja. Lakini. Lakini watu wake ni hodari, lakini miji ina maboma, na majitu tumeyaona. Toka hapo wale kumi waliokata tamaa hawazitaji tena zabibu, ingawa bado zipo, zinaonekana, zinaliwa.

Wanamalizia kwa kusema kwamba walijiona wenyewe kama panzi, na wenyeji nao ndivyo walivyowaona. Nusu ya kwanza siipingi. Mtu anajua anavyojiona. Nusu ya pili waliijuaje? Hakuna mahali tunapoambiwa waliuliza. Miaka mingi baadaye, kizazi kile kikiwa kimekwisha kufa jangwani, wapelelezi wengine wawili wanaingia Yeriko, na mwanamke aitwaye Rahabu anawafungulia siri: wenyeji wa nchi wameyeyuka kwa hofu. Miongoni mwa habari zilizowayeyusha ni ile ya Bahari ya Shamu kukaushwa, na hiyo ilitokea kabla hata wale 12 hawajatumwa. Wakati wao wanajihesabu panzi, sifa zao zilikuwa zimekwisha kutangulia njiani.

Kutojiamini ndivyo kunavyofanya kazi. Kunachukua hofu iliyo ndani yetu na kuitia vinywani mwa watu wengine, kisha kunaturudishia kama ushahidi. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake, watafiti wa Marekani, waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye wangeona aibu kuonekana naye, wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Walipoulizwa ni wangapi waliitambua picha ile, waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwamo. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo. Wengine walikuwa na shughuli zao, na pengine kila mmoja akiwaza fulana yake mwenyewe.

Kulifukuza hakufai, kujipamba nako kuna mtego

Wengi wetu tumefundishwa kulikemea wazo hasi liondoke. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila dubu huyo akija akilini wapige kengele. Kengele zililia. Tena waliojizuia, walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi ya wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Ili ujue kama wazo limeondoka, ni lazima ulichungulie, na ukilichungulia limerudi.

Njia ya pili ni kujisemesha maneno mazuri. Hapa nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu waliozoea kukiri ushindi kila asubuhi. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliwapa watu wairudierudie sentensi ya kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijiamini tayari walipata nafuu kidogo. Waliokuwa hawajiamini, yaani walengwa wenyewe wa dawa, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuambiwa waseme lolote. Sababu si ngumu kuikisia: mtu anayejiona si kitu akitamka kwamba yeye ni wa thamani, moyo humfungulia kesi na kumletea mashahidi wa upande wa pili. Analala akiwa amehukumiwa upya.

Sisemi kulikiri Neno ni bure. Nasema kujisifu mbele ya kioo ni jambo moja, na kukumbuka alichotenda Mungu ni jambo lingine. La kwanza linategemea mimi nijiamini. La pili lilikwisha kutokea, nijiamini nisijiamini.

Wakristo wa kale walilijua hili. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayomsumbua mtu aliye peke yake, huzuni ikiwa mojawapo. Hakuwaambia wenzake wayazime. Aliwakusanyia mistari ya Maandiko ya kuyajibu, wazo hili na jibu lake, wazo lile na jibu lake, kwa mfano wa Yesu aliyemjibu mjaribu nyikani kwa "imeandikwa". Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck alijenga tiba juu ya hatua zinazofanana na hizo: lishike wazo linalojitokeza lenyewe, liandike, lidai ushahidi wake. Msingi wa Beck si wa kanisa, na mgala muue na haki umpe. Anachokubaliana na mtawa yule ni kwamba wazo si la kuabudiwa wala la kukimbiwa. Ni la kuhojiwa. Mwandishi wa Zaburi ya 42 haiachi nafsi yake iseme peke yake usiku kucha, anaikatiza na kuiuliza: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?"

Lakini inakaa upande gani?

Nirudi kwenye lile neno la wapelelezi, kwa sababu ndilo linaloamua. Sikiliza mtu anayejidharau akisimulia siku yake: nilimaliza kazi, lakini nilichelewa, walinipongeza, lakini hawanijui. Jema linatangulia, lakini inafuata, na kinachokuja baada ya lakini ndicho kinacholala na mtu.

Sasa msome Habakuki, sura ya 3. Mtini hautachanua, mizabibuni hamna matunda, mzeituni umekosa, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kundi. Anataja hasara moja baada ya nyingine bila kupaka rangi. Ndipo anasema: walakini nitamfurahia Bwana. Wapelelezi walikuwa na zabibu mabegani wakaweka lakini baada yake. Habakuki hana hata punje, na anaiweka lakini yake baada ya upungufu. Wote wamelitumia neno lilelile.

Hiyo ndiyo kazi ya shukrani, na ndiyo maana siiweki kundi moja na kujifariji. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 utafiti ambao kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Kundi la pili liliandika kero. La tatu matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi na waliitazama wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Maisha yao hayakuwa yamebadilishwa na mtu. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa mlinzi. Ukijua kwamba jioni utaulizwa umepewa nini leo, macho huanza kutafuta tangu asubuhi.

Ila kwa mwamini lipo jambo la ziada. Asante haining'inii hewani. Inamtaka wa kupokea. Ukisema asante umekiri kwamba ulicho nacho kilitoka mkononi mwa mwingine. Paulo aliwauliza Wakorintho: una nini usichokipokea? Aliwauliza hivyo kuwashusha wenye majivuno, nami naona swali lilelile linamwinua aliyejishusha. Ikiwa thamani yangu ni kitu nilichopewa, basi haikuwa alama za mtihani, na huyo wa kumi na moja hakuitoa wala hana mamlaka ya kuichukua. Anaweza kuwa amesema kweli kuhusu sauti yangu. Nitaifanyia mazoezi. Mambo hayo ni mawili.

Wengine huogopa kwamba huku ni kujidanganya: utashukuruje umefiwa, umeachwa, umedhalilishwa? Agizo la 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", katika Kigiriki husomeka zaidi kama katika kila jambo, ndani ya kila hali. (Waefeso 5:20 inakwenda mbali zaidi, na mjadala wake ni mrefu.) Mfano ninaousimamia ni wa Yesu mwenyewe: usiku ule aliotolewa alitwaa mkate, akashukuru. Hakusema asante kwa Yuda. Alishukuru kwa mkate uliokuwa mkononi, usaliti ukiwa mezani pamoja naye. Kanisa limeiita meza hiyo Ekaristi, neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani.

Shukrani yenyewe ikiwa ya jumla mno hupoteza makali. "Nashukuru kwa uhai na afya" tumeisema hata ulimi unaisema wenyewe huku akili iko kwingine. Zaburi ya 136 haifanyi hivyo. Ina aya 26, na kabla ya kurudia kiitikio cha fadhili za milele inataja vitu kwa majina: jua, mwezi, Bahari ya Shamu, Sihoni, Ogu. Fanya vivyo hivyo. Andika nani, saa ngapi, alisema nini. Badala ya "nashukuru kwa marafiki", andika kwamba fulani alipiga simu saa mbili usiku wala hakuwa na shida ya kuomba. Kisha weka nukta. Usiongeze lakini.

Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, alifundisha sala ya kuichunguza siku ambayo hatua yake ya kwanza ni kushukuru kwa mema yaliyopokelewa. Makosa yanafuata baadaye. Mpangilio huo una hekima. Anayeanza na makosa yake hufika kwenye shukrani akiwa amechoka, au hafiki kabisa. Na vya kushukuria viwe vyako: orodha ikijaa vile ambavyo mwenzako hana, au vile ambavyo yeye anavyo na wewe unavingoja, umerudi kwenye kujipima. Usisafirie nyota ya mwenzio.

Lipo pia giza ambalo daftari la shukrani haliliondoi. Mtu asiyelala wiki nzima, asiyeonja ladha ya chakula, anayewaza kufa, anahitaji daktari na watu wa karibu, leo hii, na kumwambia ashukuru zaidi ni kumwongezea mzigo. Eliya alifika hapo. Katika 1 Wafalme 19 ameketi chini ya mretemu, akiomba afe, akisema yeye si mwema kuliko baba zake. Mbinguni hakukutoka karipio. Alilala, akaamshwa akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, kwa maana safari ilikuwa ndefu.

Ni baada ya hapo ndipo alipoulizwa anafanya nini pale, naye akaeleza uchungu wake, na mara mbili akalitoa lile wazo lililokuwa likimla: nimesalia mimi peke yangu. Mungu alimpa kazi ya kufanya na mtu wa kufanya naye. Mwishoni kabisa akamsahihishia hesabu. Walikuwa 7,000.