El Pollo Loco haikuzaliwa Los Angeles

Wengi waliokula kuku wa El Pollo Loco huko California hudhani ni mgahawa wa Kimarekani uliojivika jina la Kihispania, kama Taco Bell, ambayo kweli ilianzishwa na Glen Bell mjini Downey, California, mwaka 1962. Sivyo. Juan Francisco Ochoa alifungua mgahawa wake wa kwanza katikati ya miaka ya 1970 mjini Guasave, jimbo la Sinaloa, kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Aliuza kuku aliyelowekwa kwenye viungo na maji ya matunda jamii ya machungwa, kisha akachomwa motoni. Biashara ilishamiri, matawi yakaenea kwao kwanza. Los Angeles, katika mtaa wa Alvarado, ilifikiwa mwaka 1980.

Kilichowachanganya watu ni mauzo ya 1983: Denny's, kampuni ya migahawa ya Kimarekani, ilinunua matawi ya Marekani, akina Ochoa wakabaki na ya Meksiko. Tangu hapo ni kampuni mbili, jina moja, na ile ya Marekani ndiyo yenye matangazo makubwa. Ochoa mwenyewe hakutulia. Mwaka 1987 alianzisha mgahawa mwingine, Taco Palenque, mjini Laredo, Texas, mpakani kabisa.