Je, wajua kwa nini kompyuta nzima kabisa hugeuka hatari mfumo wake unapokosa masasisho?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, printa ikachapa. Ndiyo maana wengi wanauliza: kama mashine ni ileile na mafaili ni yaleyale, hatari imetoka wapi?

Imetoka kwenye viraka vinavyotengenezwa kwa ajili ya wengine. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa. Windows 11, mfumo uliofuata baada ya Windows 10, nayo haikuandikwa upya kuanzia sifuri. Sehemu kubwa ya msimbo wake imerithiwa kutoka Windows 10. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, wadukuzi hukipakua, hulinganisha faili la kabla na la baada, na ile tofauti huwaonyesha tundu lilikuwa wapi. Kisha hulijaribu tundu hilohilo kwenye Windows 10 isiyopata masasisho tena, ambako hakuna atakayeliziba. Yaani kinachomlinda jirani yako ndicho kinachomfundisha mwizi namna ya kuingia kwako.

Yaliyotokea Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 yanaonyesha ukubwa wa jambo hili. Programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili na kudai malipo ya Bitcoin. Haikuhitaji mtu abofye chochote: ilipita yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia tundu la huduma ya kushirikiana mafaili. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetoka tangu tarehe 14 Machi, lakini Windows XP haikukipata, kwa sababu muda wake ulikwisha Aprili 2014. Microsoft ilikuja kuitolea kiraka cha dharura baada ya shambulio kuanza. Na hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inapewa viraka. Wenyewe hawakuviweka tu.

Antivairasi peke yake haitoshi. Defender, antivairasi inayokuja ndani ya Windows, itaendelea kupata taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028, na hilo linasaidia, lakini kazi yake ni kumtambua mgeni mbaya. Tundu lililo ndani ya mfumo wenyewe haliwezi kulifunga.

Ufanye nini basi? Kama kompyuta haikubali Windows 11, anza na masasisho ya ziada ya usalama, ambayo watumiaji wa kawaida wanaweza kuyapata mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30, au ukapata bure kwa kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Kiungo cha kujiandikisha kipo kwenye ukurasa wa Windows Update. Kwa maoni yangu, kuiacha nafasi hii ipite ni kujinyima bure.

Muda huo nao utakwisha. Kwa mashine ya zamani yenye afya, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows: ni bure, inaendelea kupata viraka, na kwa mtu wa kuperuzi, kuandika barua na kutazama video inatosha kabisa. Iandike kwenye flashi, iwashe kutoka humo, uone kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi kabla hujagusa diski. Nakili mafaili yako pembeni kwanza.

Kama huwezi kuhama, labda kwa sababu ya programu ya uhasibu au mashine ya maabara inayotaka Windows 10, basi ikate intaneti. Ikilazimu iwe hewani, tumia akaunti isiyo ya msimamizi, kivinjari kinachosasishwa, na mambo ya benki uyafanyie kwenye kifaa kingine.

Wanunuzi wa kompyuta mpakato za mtumba, Kariakoo au Nairobi, wanaguswa moja kwa moja. HP EliteBook 840 G3 ni imara na bei yake inavutia, ila prosesa yake ni ya kizazi cha sita, na kwa Intel Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kabla ya kulipa, soma jina la prosesa: kwenye i5-6300U, tarakimu 6 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ukiona i5-8250U, hiyo ni ya nane. Kibandiko cha “Windows 11 imewekwa” kisikutoshe, kwani wapo wanaoilazimisha kwenye mashine isiyostahili, na Microsoft haiahidi kuwa mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.