Kuskani ramani ya zamani hakutoshi kuirudisha nchi iliyotoweka

Kila ramani kuukuu ikipitishwa kwenye skana na kuwekwa mtandaoni, tunaambiwa kwamba mandhari ya kale yamejengwa upya kidijitali. Kazi hiyo ni njema, kwani karatasi ikiliwa na mchwa nakala itabaki. Lakini kilichopatikana ni picha ya ramani tu.

Kujenga upya mandhari ni kukusanya ushahidi wa mahali palivyokuwa, kuupa kila ushahidi nafasi yake kwa latitudo na longitudo, kisha kukadiria yaliyokosekana.

Hatua ya nafasi ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo kazi yenyewe. Hutafutwa alama zilizomo kwenye ramani ya zamani ambazo bado zipo ardhini: kanisa, ngome, mwamba. Programu huzishika hizo na kuinyoosha ramani hadi ilale juu ya dunia ya leo, na kosa linalobaki hupimwa kwa mita. Bila kipimo hicho, kijito unachokionyesha huenda kilipita mtaa wa pili.

Hata hapo bado kuna kukadiria. Eric Sanderson, mwanaikolojia aliyeongoza mradi wa Mannahatta huko New York, wa kuonyesha kisiwa cha Manhattan kilivyokuwa kabla ya jiji, alitumia ramani ya jeshi la Uingereza ya miaka ya 1780, yenye vilima, vijito na vinamasi vya kisiwa cha Manhattan. Lakini alichokitaka ni kisiwa cha mwaka 1609, baharia Mwingereza Henry Hudson alipofika. Ramani ilimpa umbo la ardhi. Msitu ilibidi aukisie kutokana na udongo, mwinuko na unyevu.

Na kuna nchi isiyo na ramani hata moja. Doggerland, nchi kavu iliyounganisha Uingereza na bara la Ulaya, ilimezwa na Bahari ya Kaskazini yapata miaka 8,000 iliyopita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliifuatilia mito yake kwa data za mitetemo, yaani mawimbi yanayotumwa chini ya sakafu ya bahari na mwangwi wake kurekodiwa, zilizokusanywa na watafutaji wa mafuta. Hapo skana ingeskani nini?

Kwa hiyo nakala ya skana tuiite nakala. Na anayetuonyesha msitu wa kale kwenye skrini atuwekee wazi pia ni wapi ana ushahidi na wapi amekisia, pamoja na alama alizotumia, ili atakayepata ushahidi mpya aweze kumsahihisha.